Kokoto la Fundi

Corolla nyeupe ilikata kona bila kuwasha taa, na Wembe akaikata kona hiyo hiyo nyuma yake.

Pikipiki yake, Yamaha, ililala hadi goti lake likakaribia lami. Muuza viatu aliyetandaza bidhaa ukingoni mwa barabara alivuta turubai lake nyuma na kuanza kutukana, lakini Wembe alishapita kabla tusi halijafika mwisho.

"Shangazi, Wembe hapa. Bado ninaye."

Kifaa kilichofichwa sikioni kikakoroma. "Usimpoteze."

"Mimi nimewahi kumpoteza nani?"

"Tusianze hesabu hizo saa hizi."

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu. Alikuwa mkuu wa idara, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, na jina hilo la redioni alilichagua mwenyewe. Alisema kila mtu ana shangazi mmoja anayemwogopa, kwa hiyo itasaidia nidhamu.

Kiti cha nyuma cha Corolla hiyo, iliyokuwa teksi, alikaa mwanamume mwembamba, kijisanduku cheusi mapajani. Alikuwa amekabidhiwa kijisanduku hicho na mgeni wa suti ya kijivu kwenye mapokezi ya hoteli. Kamera iliyokuwa ndani ya kifungo cha koti la Wembe ilinasa yote. Mkono, kijisanduku, mkono mwingine. Picha zilishafika idarani.

Mwanamume huyo wenzake walimwita Ndimu, kwa sababu ya ulimi wake.

Sasa, kabla hatujafika mbali, mtu mwenye akili zake atauliza: jasusi mwenye bastola ya Glock 19 kiunoni anamkimbizia nini mtu anayeshinda kwenye kiti akiandika programu za kompyuta?

Swali zuri.

Kuna programu inaitwa Kitasa. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi, anayetaka anausoma, anayeweza anaurekebisha, na hakuna anayelipishwa. Kazi yake ni kufunga milango isiyoonekana. Mafaili ya hospitali, mitambo ya maji, viwanja vya ndege, hata kompyuta za Shangazi mwenyewe. Wanaoitunza ni watu wa kujitolea waliotapakaa duniani kote, wanaojuana kwa kugombana mtandaoni. Hawana ofisi. Wana kiongozi mmoja, na kiongozi ana ufunguo mmoja, flashi ndogo ya chuma. Bila flashi hiyo hakuna toleo jipya linalokubaliwa na mashine yoyote. Ukiwa nayo, unachokiandika leo kinaingia kesho kwenye kila mashine yenye Kitasa, nayo inakipokea bila kuuliza.

Mzee aliyeianzisha, ambaye jumuiya nzima ilimwita Fundi, alikuwa anastaafu leo hii. Wanachama walikuwa wanamchagua mrithi wake, na wagombea walikuwa wawili.

Mmoja aliitwa Shukrani. Mtu mpole, mnene kidogo, aliyemaliza kila ujumbe wake kwa neno hilo hilo. Mwingine alikuwa Ndimu, mwanafunzi wa Fundi.

Idara ilikuwa imenasa mawasiliano ya genge la nje. Mmoja wa wagombea alikuwa mtu wao. Hawakutaja yupi.

Na Wembe alikuwa binti wa Fundi.

"Ni Ndimu," alikuwa amemwambia Shangazi kwa redio kutoka hotelini, dakika ile ile zile picha zilipofika idarani. "Nina uhakika."

Hakuwa na uhakika. Alikuwa na wivu.

Tangu utotoni aliujua mlango wa chumba cha kazi cha baba yake kuliko alivyomjua baba mwenyewe. Mlango ulifungwa. "Subiri kidogo, mwanangu," sauti ilitoka ndani, na hicho kidogo kilikuwa hakiishi. Basi akajifunza kuufungua. Kwa pini ya nywele kwanza, baadaye kwa vyuma vyembamba alivyovisugua mwenyewe kwenye sakafu ya uani. Aliingia baba akiwa ametoka, akakuta kompyuta iliyozimwa, kiti, na peremende moja ukingoni mwa meza. Akaiiba. Siku chache baadaye baba akabadilisha kitasa, akaweka kigumu zaidi. Wembe akakifungua na hicho, akaiba peremende nyingine. Baba akabadilisha tena. Waliendelea hivyo mpaka binti akakua na kuelewa alichokuwa anaambiwa: humu hutakiwi. Akaondoka nyumbani. Idara ikamchukua kwa sababu ya vidole vyake.

Mwaka jana alikwenda kusalimia. Chumbani mle aliona viti viwili. Kiti cha pili kilikuwa cha Ndimu, na kilikuwa na mto.

Mto, jamani.

Ndimu alimwita mzee "baba." Mzee alimwita Ndimu "mwanangu." Wembe akipiga simu, mzee alijibu "eeh," halafu "haya," halafu "eeh," halafu anakata. Mtu wa nje anapewa kiti chenye mto, mtoto wa kumzaa anapewa eeh. Ungekuwa wewe je?

Corolla iliingia uchochoro wa nyuma ya maghala. Ilikuwa njia isiyotokea. Dereva alikuwa hajui, Wembe alijua.

Aliisimamisha Yamaha kwa kuilaza mbavu, akaziba njia, akashuka, mkono kiunoni.

"Shuka taratibu. Kijisanduku juu ya boneti."

Dereva wa teksi alishuka kabla ya kuambiwa na kwenda kusimama karibu na ukuta, akiutazama ukuta. Ndimu alishuka kwa wakati wake. Alikiweka kijisanduku, akamtazama Wembe, akaitazama pikipiki.

"Haina kioo cha kushoto," akasema.

"Nini?"

"Pikipiki yako. Unaendeshaje mwendo ule bila kioo cha kushoto? Na hiyo taa ya breki inawaka muda wote. Nimekuwa nakuangalia tangu hotelini."

Wembe alikifungua kijisanduku kwa kisu.

Hakikuwa na flashi, hakikuwa na fedha wala kifaa cha kurushia mawimbi. Kilikuwa na vitu viwili vidogo vya rangi ya ngozi, vimepinda, vyenye vibetri pembeni.

"Hivi ni nini?"

"Mashine za masikio. Za baba."

"Baba yupi?"

"Fundi. Sikio la kushoto limekufa kabisa, la kulia linajikongoja. Yule bwana wa suti ni daktari, alikuwa anasubiri ndege tu. Naomba usiziguse kwa vidole hivyo vya oili."

"Baba anasikia," Wembe akasema. "Nikimpigia ananijibu."

"Anakujibu nini?"

Wembe akakikunja kisu.

"Eeh, haya, eeh," Ndimu akasema. "Anamjibu kila mtu hivyo. Kwenye simu hasikii hata neno, na anaona haya kusema." Akamtazama vizuri. "Ngoja kwanza. Wewe ndiye yule binti? Yule asiyekuja?"

Kuna maneno yanayoingia kabla hujajikinga. Wembe alisimama pale na zile mashine mkononi, akizikumbuka simu zote alizokata kwa hasira, na simu zote ambazo baadaye hakuzipiga.

Ungedhani wivu ungekufa hapo. Wapi. Wivu ukiunyima sababu moja, unajitafutia nyingine.

"Alikwambia wewe," akasema. "Mimi hakuniambia."

"Hajaniambia mtu. Ukikaa na mtu unaona."

Sikio la Wembe likakoroma.

"Wembe, kazi nzuri," Shangazi akasema. "Kamati ya uchaguzi imeshaarifiwa. Jina la Ndimu limefutwa, Shukrani amepita bila kupingwa. Anakabidhiwa ufunguo sasa hivi, kabla watu hawajaenda kula."

"Shangazi, wazuie."

"Niwazuie kwa nini?"

"Nimekosea. Sio Ndimu."



"Uliniambia una uhakika."

"Nilikuwa na wivu."

"Kwenye ripoti hakuna sehemu ya kuandika hiyo," Shangazi akasema. "Kamati imeniamini mara moja, haitaniamini mara ya pili bila ushahidi. Nenda ukautafute. Upesi."

Ndimu alikuwa amesikia upande mmoja wa mazungumzo, na ulitosha. Alikaa kwenye ukingo wa boneti. Kwa mara ya kwanza hakuwa na kosa la kumwonyesha mtu.

"Jina langu limefutwa," akasema.

"Ndiyo."

"Umelifuta wewe."

"Ndiyo. Nilitaka uwe wewe. Nilitaka sana." Wembe alilisema kavu kavu, maana hakuona njia nyingine ya kulisema. "Sasa nisaidie. Kama sio wewe, ni Shukrani, na yuko jukwaani na baba. Kwenye jumuiya yenu mtu wa kweli mnamjuaje?"

"Kwa makosa anayoyaona," Ndimu akajibu bila kufikiri. "Kila badiliko lazima lisomwe na wengine kabla halijapitishwa. Ndiyo kazi yenyewe hiyo. Na baba ana kamchezo kake. Kwenye kila badiliko analoandika yeye, anatia kosa moja la makusudi. Dogo. Analiita kokoto, kama la kwenye mchele. Halafu anasubiri aone nani ataliokota na nani atalitafuna. Kabla ya toleo kutoka, analiondoa mwenyewe."

"Nani anajua?"

"Mimi tu. Nilimshtukia. Mzee makini namna ile hawezi kukosea kila mara, na kila mara kosa moja."

"Na nani huyaona hayo makokoto?"

"Mimi huyaona yote." Hakuwa anajisifu, alikuwa anatoa taarifa. "Shukrani naye huyaona, ni mtaalamu. Wengine wananasa moja moja. Hata nesi mmoja anayetusaidia siku zake za mapumziko ameshanasa mengi tu."

Wembe alitazama laptopu iliyochungulia kwenye begi la Ndimu.

"Usinionyeshe wanaoyaona," akasema. "Nionyeshe ambao hawajawahi kuona hata moja."

Ndimu maisha yake yote alikuwa anatafuta makosa. Hakuwahi kumtafuta mtu asiyeyaona.

Aliweka laptopu juu ya kiti cha Yamaha na kuanza kuandika. Vidole vilikimbia. Kisha vikapunguza mwendo. Kisha vikasimama.

"Hee," akasema polepole.

Majina yalijaa skrini nzima na kuendelea chini. Wote waliingia kwenye jumuiya hivi karibuni. Wote walipitisha kila badiliko la Fundi papo hapo linapotoka, kabla binadamu hajamaliza hata kusoma kichwa chake. Wote kwa maneno yale yale: Nimesoma, safi. Shukrani. Na ndio hao hao waliokuwa wakiandika kila wiki kwamba mzee amechoka, mzee anachelewesha kazi, mzee akabidhi ufunguo.

"Wanaingiaje?" Wembe akauliza.

"Lazima mwanachama akudhamini." Ndimu akabonyeza. "Amewadhamini mtu mmoja. Wote."

Hakuhitaji kulitaja jina.

"Wanachama hewa," Wembe akasema.

"Nimewasoma kila siku," Ndimu akasema. "Niliwaona wapumbavu tu. Mimi huona kila mtu ni mpumbavu, kwa hiyo sikushangaa." Akaifunga laptopu. "Lakini kamati haitakubali. Watasema ni watu wavivu. Uvivu haujawahi kumnyima mtu uanachama kwetu."

"Basi tuwaonyeshe kwa macho. Ufunguo unakabidhiwa vipi?"

"Kuna desturi. Kiongozi anayeondoka anaandika badiliko lake la mwisho palepale, mbele ya watu. Mstari mmoja: kiongozi mpya ni fulani. Linatokea kwenye skrini kubwa, wanachama wanalisoma, wanalipitisha. Wakishapitisha, anatoa flashi."

Wembe akatabasamu. Lilikuwa tabasamu baya.

"Panda."

"Hakuna helmeti ya pili."

"Ndimu. Panda."

Dereva wa teksi, ambaye bado alikuwa anautazama ukuta, aliuliza kwa adabu kama anaweza kugeuka sasa.

Ukumbi ulikuwa ghorofa ya juu ya jengo la vioo. Zulia la kijivu, viti vya plastiki, nyaya zilizobandikwa sakafuni kwa gundi, watu wenye vitambulisho shingoni na laptopu magotini. Mstari wa mbele walikaa wafadhili wa mkutano, wanaume watatu wenye suti nzuri. Hakuna aliyekuwa na laptopu. Wembe aliangalia viatu vyao. Soli za mpira, zote tatu. Huvai soli za mpira na suti kama hutarajii kukimbia.

Jukwaani, Fundi alikuwa amekaa nyuma ya meza ndogo, amevaa sweta lililomzidi. Flashi ilikuwa mbele yake juu ya kitambaa cheupe. Shukrani alisimama pembeni, shati jeupe, viganja vimekutana kifuani, akimshukuru kila mtu kwa zamu.

Mlinzi alimzuia Wembe kwenye ngazi za jukwaa.

"Wewe nani, dada?"

Angeweza kutoa kitambulisho cha idara. Alikuwa navyo vitatu, vya majina tofauti.

"Mimi ni mwanawe," akasema.

Mlinzi akampisha.

Alipiga goti kando ya kiti cha baba yake. Mzee aligeuka, akamwona, na uso wake ukajaa kitu ambacho Wembe hakuwa amekiona kwenye simu, maana simu haina uso. Alianza kusema neno. Wembe akamtia mashine ya kwanza sikioni, kisha ya pili, akabonyeza vibatani vyake kama Ndimu alivyomwelekeza njiani.

"Baba. Unanisikia?"

Macho ya mzee yakatoka.

"Usipige kelele," akasema.

"Sijapiga kelele."

"Kumbe ndiyo sauti yako siku hizi." Aliinama, akajifanya anatengeneza waya. "Imekuwa nzito. Unavuta sigara?"

"Baba, sikiliza. Tia kokoto."

Mzee akauachia waya. "Nani kakwambia habari za kokoto?"

"Tia kubwa. Ambalo hata kipofu atalikwaa. Halafu angalia nani atalitafuna."

Fundi alitazama mlangoni, alikosimama Ndimu akihema, nywele zimesimama kwa upepo. Akamtazama Shukrani, aliyekuwa bado anatabasamu lakini kwa taabu kidogo. Akamtazama binti yake. Hakuuliza kingine. Alivuta laptopu karibu, akapangusa miwani kwenye sweta, akaanza kuandika kwa vidole viwili.

Kwenye skrini kubwa mstari ukatokea:

Kiongozi mpya wa Kitasa: paka wa jirani.

Na papo hapo, kabla mtu ukumbini hajacheka, majibu yakaanza kumiminika chini yake.

Nimesoma, safi. Shukrani.

Nimesoma, safi. Shukrani.

Nimesoma, safi. Shukrani.

Skrini ilijaa, ikasogea, ikajaa tena. Mwanamke mmoja mstari wa tatu, yule nesi, aliinua mkono kwa wasiwasi.

"Fundi, samahani. Umeandika paka."

"Nimeandika paka," mzee akakubali kwenye kipaza sauti. "Wewe umesoma. Na hawa wote wamesoma pia, wanasema ni safi. Hebu tuone walidhaminiwa na nani."

Ndimu alikuwa ameshachomeka laptopu yake kwenye waya wa skrini. Mdhamini akatokea kando ya kila jina. Mmoja. Mmoja. Mmoja. Kicheko kilichokuwa kimeanza nyuma ya ukumbi kikafa njiani.

Shukrani hakumshukuru mtu.

Alikwapua flashi na kukimbia.

Suti tatu zikainuka pamoja. Ya kwanza iliingiza mkono ndani ya koti, na Wembe alikuwa ameshafika. Kiwiko kwenye koo, bastola ikaruka chini ya viti. Ya pili ilimrukia kutoka kulia. Aliipisha, akaisaidia kwa teke dogo la nyuma ya goti, na uzito wake mwenyewe ukamaliza kazi. Ya tatu ilikanyaga waya uliobandikwa sakafuni, ikaanguka kifudifudi, na wanachama wa jumuiya ya Kitasa wakaikalia. Walikuwa watu wa kukaa. Hawakuinuka.

"Shangazi, ni Shukrani. Ana ufunguo. Ukumbini kuna watatu, wamelala."

"Yeye yuko wapi?"

"Nakuja kukwambia."

Korido. Ngazi za dharura. Mlango wa chuma wenye maandishi mekundu: CHUMBA CHA MITAMBO. Ulijifunga mbele ya pua yake, na kitasa kikalia kwa ndani.

Ndimu alifika, mkono mmoja ukimshika mzee kwenye kiwiko.

"Ana toleo lao tayari kwenye laptopu," Ndimu akasema. "Lazima analo. Akichomeka flashi na kulitia sahihi, linaondoka. Haichukui muda."

"Piga risasi kitasa," mlinzi akashauri kutoka nyuma.

"Hiyo hufanya kazi kwenye sinema," Wembe akasema.

Alipiga magoti. Kutoka kwenye upindo wa mkono wa koti akatoa vyuma viwili vyembamba. Mikono yake ikatulia ilipogusa kitasa. Pini ya kwanza. Ya pili, inateleza. Taratibu. Nyuma yake mzee alikuwa amesogeza kichwa karibu kabisa, sikio kuelekea mlangoni, akisikiliza vichuma vikipanda kimoja baada ya kingine.

"Ya nne inakudanganya," mzee akanong'ona. "Irudie."

Akairudia.

Mlango ukafunguka.

Shukrani alikuwa ameinama juu ya laptopu, flashi imechomekwa, jasho likimdondoka kwenye vitufe. Kwenye skrini mstari wa kijani ulikuwa unatambaa kuelekea mwisho wake.

"Dada yangu," akasema kwa upole, bila kugeuka, "tunaweza kuzungumza."

Wembe alichomoa flashi. Mstari wa kijani ukasimama, ukawa mwekundu.

Alimgeuza, akamfunga pingu, akazikaza zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Shukrani," akasema.

Uchaguzi ulirudiwa kabla chakula hakijapoa. Jina la Ndimu likarudishwa, majina hewa yakafutwa, na walio hai wakapiga kura. Kulikuwa na malalamiko mengi kuhusu ulimi wake. Nesi alisema kwamba yeye binafsi ameshawahi kulizwa na mtu huyu, na kwamba anampigia kura hata hivyo, maana angalau anasoma. Wengi wakaona hivyo.

Fundi akaandika mstari wa mwisho upya. Ndimu akaukuta hauna kosa, akaonekana kusikitika.

"Chukua, mwanangu," mzee akasema, na kumvika flashi shingoni.

Wembe alikuwa ameegemea ukuta wa nyuma. Tusidanganyane, wivu haukuisha. Uliuma palepale unapouma siku zote, chini kidogo ya mbavu. Alikuwa ameokoa ufunguo na baba, na "mwanangu" bado alikuwa mwingine. Akavaa glavu na kuteremka kwa ngazi, bila kumuaga mtu.

Alikuwa anasukuma Yamaha kutoka kivulini mwa jengo aliposikia viatu vikiburuzwa.

"Kile kitasa," Fundi akasema, akihema. "Nani alikufundisha?"

"Mlango wako."

Mzee akacheka, akashtuka kwa kusikia kicheko chake mwenyewe, akagusa sikio. "Ulikuwa unadhani nabadilisha vitasa vile kwa nini?"

"Nisiingie."

"Ningetaka usiingie ningekuchapa siku ya kwanza, basi, yaishe. Nilikuwa nazunguka maduka yote natafuta kigumu zaidi kidogo kuliko ulichofungua. Kidogo tu, usije ukakata tamaa. Nafunga, natoka, naenda zangu kuzurura huko hata sina safari. Nikirudi, kitu cha kwanza naangalia meza."

Wembe aliacha kuvuta glavu.

"Peremende," akasema.

"Wewe lini umeniona mimi nakula peremende?"

Gari la idara lilipita na Shukrani ndani yake, na Wembe hakuligeukia.

"Mbona hukusema, baba?"

"Na wewe ulisema kama unaziiba?" Mzee aliishika mikono ya binti yake, akaigeuza, akavitazama vidole vile kimoja kimoja. "Makokoto yale ya kwenye msimbo nilianza baadaye. Ulipoondoka. Niliona nyumba imenyamaza."

Kisha redio ikakoroma, kwa sababu Shangazi hana subira na furaha za watu.

"Wembe, kuna kazi nyingine. Bandarini."

"Nakuja."

Ndimu alitoka kwenye mlango wa vioo, flashi kifuani, uso umekunjamana kama kawaida. Aliizunguka pikipiki.

"Kioo cha kushoto," akasema.

"Nitaweka. Ndimu, nina swali moja." Wembe alipanda, akafunga mkanda wa helmeti. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Baba amewahi kukuachia peremende mezani?"

"Peremende? Hapana. Peremende gani?"

"Basi tu."

Akaiwasha Yamaha. Kile kidonda cha chini ya mbavu kilikuwa kimetulia kabisa, na hata aibu ya kufurahi hakuiona.

"Peremende gani?" Ndimu alimgeukia mzee. "Baba. Anazungumzia peremende gani?"

Fundi aliinua mkono polepole, akabonyeza vibatani viwili nyuma ya masikio yake, akatazama mbele.

"Eeh," akasema. "Haya. Eeh."

Wembe aliingiza gia na kuondoka.